Mjomba ana kisukari na anataka kula "kama mababu". Je, mababu wa Pwani walikula nini hasa?

"Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu ana miaka 61, anaishi Tanga, na mwaka jana alikutwa na kisukari. Alipewa vidonge na akaambiwa apunguze wali. Sasa kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu unaosema kisukari kimeletwa na vyakula vya kigeni. Unadai kwamba mababu zetu wa Pwani, kwa zaidi ya miaka elfu, walikula ugali wa mahindi, muhogo na samaki basi, wakaishi miaka 120 bila kuugua, na kwamba wali na pilau ni mambo yaliyoletwa na wageni juzijuzi. Mjomba ameuamini. Anataka kuacha vidonge na kula 'chakula cha asili' peke yake: uji wa dona asubuhi, muhogo mchana, ugali usiku. Mimi nina shaka, lakini sina hoja. Kihistoria ni kweli? Na kama si kweli, walikula nini? Mjomba ni mtu wa kusikiliza akipewa ushahidi."

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: mjomba asiache vidonge kwa sababu ya ujumbe huo, wala asibadilishe mlo wake wote kwa mkupuo kabla hajaongea na waliomwandikia dawa. Kazi yangu ni historia ya chakula cha Pwani, si utabibu, lakini hilo halihitaji utabibu kulisema. Nitalirudia mwishoni na kueleza sababu.

Sasa tuje kwenye historia. Ujumbe huo haujakosea kidogo. Umegeuza mambo juu chini. Vyakula unavyoviita vya asili ndivyo vilivyotoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, na wali unaouita wa juzi ulikuwa kwenye sinia za watu wa Pwani mamia ya miaka kabla punje ya kwanza ya mahindi haijapandwa Afrika.

Mahindi asili yake ni Mexico. Wakulima wa huko waliyatoa kwenye nyasi ya porini miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Muhogo ni wa Amerika ya Kusini. Kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492, hakuna mtu yeyote Afrika, Ulaya wala Asia aliyekuwa ameonja kimojawapo. Vilikuja huku kwa meli za Wareno na wafanyabiashara waliowafuata, kuanzia karne ya 16. Muhogo ulichelewa zaidi: Kongo uliingia mapema, lakini mwambao wetu ulikuja kuenea kwa nguvu karne ya 18. Na mahindi kuwa chakula kikuu cha kila siku, asubuhi hadi usiku, ni habari ya karibu zaidi, karne ya 20, yalipokuwa posho ya vibarua wa mashamba, migodi na reli. Kwa hiyo mtu aliyeishi Kilwa mwaka 1300 angeletewa sahani ya ugali wa dona, asingejua ni unga wa nini.

Wala mahindi na muhogo haviko peke yake. Viazi vitamu, viazi mviringo, nyanya, pilipili kali, karanga, maharage, mapapai, mananasi, mapera na korosho vyote vilitoka Amerika. Hata karafuu, ambayo wengi huihesabu kuwa ya Unguja tangu enzi na enzi, asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Pilau lenye karafuu za Pemba na kachumbari ya nyanya yenye pilipili kali ni chakula kitamu, lakini hakuna sultani wa Kilwa ya kabla ya Wareno aliyewahi kulila.

Sitaki mjomba aelewe kwamba mababu walidanganywa kwa kupokea mazao hayo. Walikuwa na sababu nzuri sana. Mtama suke lake liko wazi juani, na msimu ukifika familia nzima hushinda shambani kufukuza ndege. Hindi limefungwa kwenye maganda yake. Muhogo unakaa ardhini mpaka utakapouhitaji, na nzige wakimaliza majani, mzizi bado upo. Kwa watu waliojua njaa, hizo ni faida za kuokoa maisha. Zao jipya lilipimwa, likajaribiwa pembeni ya shamba, likapewa nafasi.

Ila chakula kinaweza kusafiri bila ujuzi wake. Watu wa Mexico hawakula mahindi hivi hivi. Waliyachemsha na kuyaloweka kwenye maji ya chokaa au majivu, na hiyo chokaa ndiyo inayoifungua niasini, yaani vitamini B3, ambayo ndani ya hindi imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati. Ulaya walichukua punje, chokaa wakaiacha. Maskini wa Italia ya kaskazini waliokula uji mzito wa mahindi na karibu hakuna kingine waliugua pelagra kwa vizazi vingi katika karne ya 18 na ya 19: ngozi kuchubuka, kuharisha, akili kuvurugika, kifo. Anayekula ugali kwa samaki na kunde hana haja ya kuogopa pelagra. Nimeitaja kwa sababu mpango wa mjomba wa kula zao moja asubuhi, mchana na usiku haufanani na ulaji wa mababu wa mahali popote, hata wa kule mahindi yalikozaliwa.

Sasa, walikula nini? Na tunajuaje?

Tunajua kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ardhi. Wachimbaji wa mambo ya kale wanapofukua mji, huchukua udongo wa jikoni na wa jalalani wakaumimina kwenye pipa la maji. Mchanga huzama, na vitu vyepesi vilivyoungua huelea, vikakingwa kwa chekeche laini sana. Punje iliyopikwa ikaliwa haiachi alama, na iliyotupwa mbichi huoza. Iliyodondoka motoni ikawa mkaa ndiyo inayodumu miaka elfu. Kwa hiyo tunachokiona ni ajali za jikoni, na lazima tukiri kwamba ndizi, viazi vikuu na mboga za majani huonekana kidogo kuliko zilivyoliwa. Nafaka, mbegu za pamba, maganda ya nazi na mifupa ya samaki ndivyo vinavyojitokeza vizuri.

Pemba ndipo habari hii ilipo wazi zaidi, na mimi huwa naipenda kuliko zote. Kuna mji wa kale uitwao Tumbe, uliokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na karibu yake kuna Chwaka, iliyoanza karne ya 11 na kudumu hadi ya 16. Kwenye udongo wa Tumbe, nafaka inayotawala ni uwele. Mchele upo, lakini kidogo. Ukifika Chwaka mambo yamepinduka: mchele umekuwa mwingi, uwele umerudi nyuma. Hiyo ni karne ya 11, miaka mia nne na zaidi kabla ya Mreno wa kwanza. Komoro mchele na choroko vilitangulia kuwa vingi hata kabla ya hapo. Na wakati mchele unapanda Pwani, vyombo navyo vinabadilika. Bakuli pana za wazi zinaongezeka, zile za watu kula pamoja na za kumkaribisha mgeni. Wenye uwezo walinunua bakuli zenye rangi ya kung'aa kutoka Uajemi na China, wakazipachika hata kwenye makaburi yao, kama yale ya Kunduchi. Wali ulikuwa chakula cha heshima, cha karamu. Mtama na uwele viliendelea kuwatunza watu siku za kawaida.

Njia ya pili ni maandishi ya wasafiri. Al-Masudi, mtu wa Baghdad aliyesafiri bahari hii na kurudi Oman mwaka 916, ameandika kwamba watu wa Zanj, jina ambalo Waarabu waliuita mwambao wetu, walikula mtama na mzizi fulani uliochimbwa ardhini, pamoja na asali na nyama, na kwamba ndizi zilikuwa nyingi kwao, na nazi visiwani. Mahindi hayatajwi, kwa sababu hayakuwapo.

Kisha mwaka 1331 akaja Ibn Battuta, msafiri wa Maghribi (Morocco), na huyu mjomba atampenda, kwa maana hakuacha kutazama sinia. Alipofika Mogadishu alipewa malazi kwenye nyumba ya wanafunzi wa dini, na chakula kikaja kutoka kwa mtawala wa mji, mara tatu kwa siku. Anaeleza: wali uliopikwa kwa samli, kwenye chombo kikubwa cha mbao, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Pembeni tena maziwa ya mgando yenye achari ya ndimu, pilipili manga mbichi zilizowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Wenyeji, anasema, walikula tonge la wali kisha wakaonja kile kichachu. Halafu anaongeza neno ambalo ule ujumbe wa simu haukulitarajia: kwamba mtu mmoja wa mji ule anakula chakula cha kundi zima la wenzake wa Maghribi, na kwamba walikuwa watu wanene sana.

Alipopita Mombasa aliona hali tofauti kabisa. Kisiwani hawakulima nafaka. Waliinunua kutoka bara, na chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Miji miwili ya mwambao mmoja, mwaka mmoja, meza mbili zisizofanana. Ndiyo maana mimi hukataa mtu anapozungumza kuhusu "chakula cha mababu" kana kwamba ni sahani moja. Cha tajiri na cha mtumwa, cha Lamu na cha Kilwa, cha masika na cha kiangazi, kila kimoja kilikuwa na sura yake.

Ukiongeza yaliyoandikwa na Wareno wenyewe, picha inajaa. Mwaka 1498 mfalme wa Mombasa alimpelekea Vasco da Gama kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Mwaka 1505, walipoivamia na kuipora Kilwa, mmoja wao aliandika kuhusu bustani zenye machungwa matamu, malimau, vitunguu vidogo na majani ya kunukia, zikimwagiliwa kwa maji ya visima. Mifupa iliyofukuliwa kwenye miji hii inatuambia kilichobaki: changu na pono wa kwenye miamba kwa wingi, baadaye papa na samaki wa maji ya kina, kuku, mbuzi, kondoo, na ng'ombe wengi zaidi kadiri mji ulivyotajirika.

Basi mkumbushe mjomba futari ya Ramadhani. Ndizi mbichi, magimbi, viazi vikuu na tui la nazi vimo katika mapishi ya Pwani tangu kale. Muhogo na viazi vitamu kwenye sinia hiyo hiyo ni wageni wa juzi ukilinganisha. Na ukichimba zaidi utakuta hata ndizi, nazi, magimbi na mchele vilivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia, ila vilivuka zamani sana. Vyenye mizizi ya Afrika kabisa ni mtama, uwele, ulezi, kunde, njugu mawe na ubuyu. Watu wa Pwani walikuwa mabaharia na wafanyabiashara. Hawakukaa wakisubiri wageni wawaletee mbegu. Wao wenyewe walikuwa sehemu ya bahari ile, wakachagua cha kupanda na cha kuacha.

Kuhusu kuishi miaka 120. Hili limesambaa kuliko yote, na linaumiza kwa sababu linafuta uchungu halisi wa watu waliotutangulia. Kabla ya chanjo, maji safi na dawa za viuavijasumu, katika jamii nyingi za dunia kati ya theluthi na nusu ya watoto walikufa kabla ya kufikia utu uzima. Malaria, surua, ndui, kuharisha, uzazi. Upande wa pili kuna watu wanaosema mababu walikufa wote wakiwa na miaka 30, na hilo nalo si sahihi. Chukua watu wawili: mmoja akafa na mwaka 1, mwingine na miaka 69. Wastani wao ni 35, na hakuna hata mmoja aliyekufa na miaka 35. Wazee walikuwepo, wenye mvi na busara, waliofika 60 na 70. Ila walikuwa wachache waliovuka, na tunawakumbuka wao kwa sababu ndio walioishi kutusimulia. Wale watoto hawana wa kuwasimulia.

Na kisukari chenyewe si ugonjwa mpya. Matabibu wa India ya kale waliandika kuhusu mkojo mtamu unaovuta sisimizi. Katika karne ya 2, daktari Mgiriki Aretaeus alieleza mgonjwa mwenye kiu isiyokatika, ambaye mwili wake ulikuwa kama unayeyuka na kutoka kwa mkojo. Ibn Sina, tabibu mashuhuri wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, naye aliutambua utamu wa mkojo huo. Wagonjwa walikuwepo. Kilichokosekana ni tiba: matabibu hao waliandika pia jinsi mgonjwa wa aina kali alivyodhoofika haraka na kufa. Ni kweli kwamba kisukari cha ukubwani kimeongezeka sana siku hizi, na mjomba ana haki ya kuuliza kwa nini. Lakini mvuvi wa Songo Mnara, mji wa kale karibu na Kilwa, alivuta jarife siku nzima, mke wake alitwanga nafaka kwa mikono, sukari nyeupe hawakuwa nayo, soda hawakuwa nayo, na mafuta ya kukaangia hayakuuzwa kwa dumu. Huwezi kuchukua sahani yao ukaacha siku yao nzima.

Sasa tuupime mpango wa mjomba kwa haki, maana ndani yake kuna kitu kizuri. Kutaka kuacha soda, maandazi na chipsi ni jambo jema kabisa. Dona kuliko sembe nyeupe, vizuri pia, kwa sababu ya makapi yake. Lakini ugali wa dona bado ni wanga, uji wa dona ni wanga, na muhogo ni wanga mwingi wenye protini kidogo mno. Aliambiwa apunguze wali kwa sababu ya wanga, naye anataka kuubadilisha kwa wanga mwingine mara tatu kwa siku. Hapo hakuna alichopunguza.

Kama anataka kweli kula kwa kufuata Pwani ya kale, na mimi ningefurahi mno kuona mtama na uwele vikirudi mezani kwetu, basi achukue meza yote. Nafaka nzima ya mtama au ulezi kwa kiasi kidogo, kunde au choroko kwa wingi, samaki wa kuchemsha au wa kuchoma, mboga za majani, ndimu. Ulezi una kalisi na makapi mengi, lakini ukisagwa laini sana ukawa uji wa sukari, unapandisha sukari ya damu kama uji mwingine wowote. Samli na tui, kwa mtu aliyekaa dukani kutwa, kidogo tu. Huo ni mlo mzuri, na mtaalamu wa lishe huenda akaufurahia. Lakini ni mlo wa kwenda sambamba na dawa. Historia haiwezi kumwandikia dozi.

Hapa ndipo ninaporudi kule mwanzo. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenclamide, pamoja na insulini, hushusha sukari hata kama mtu hajala vya kutosha. Mjomba akikata wanga ghafla huku anavimeza, sukari inaweza kushuka mno: jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Akiacha dawa kabisa, sukari inapanda kimyakimya, na madhara ya macho, figo na miguu huja taratibu bila maumivu ya kumwonya. Ndiyo sababu mabadiliko yote mawili, ya mlo na ya dawa, yanafanywa kliniki, kwa kupima. Wapo wagonjwa wanaopunguziwa dozi baada ya kubadili mlo na kupungua uzito, lakini anayepunguza ni daktari baada ya kuona vipimo.

Ukimwona ana kiu isiyo ya kawaida na anakojoa mara kwa mara, anatapika, anapumua kwa nguvu, analegea au anaongea bila mpangilio, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa na kidonda mguuni kisichopona, vivyo hivyo.

Kuhusu namna ya kuzungumza naye, usianze kwa kumwambia ujumbe wake ni uongo. Mtu mzima hapendi kuvuliwa heshima mbele ya mpwa wake. Anza na Ibn Battuta. Msomee sinia ile ya Mogadishu, muulize bibi na wazee wa ukoo walipokuwa wadogo nyumbani walipika nini kabla sembe haijazoeleka, na waache wataje mtama na njugu mawe wenyewe. Kisha kaeni pamoja muandike vyakula anavyovitaka, kiasi gani na saa ngapi, na karatasi hiyo aende nayo kliniki pamoja na vidonge vyote anavyotumia, ikiwemo dawa yoyote ya miti shamba. Aombe kuonana na mtaalamu wa lishe kama yupo. Akipewa kipimo cha kidole cha nyumbani, apime kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, siku ya ugali wa dona na siku ya mtama kwa kunde, aandike namba. Umesema ni mtu wa ushahidi, na huo utakuwa wa mwili wake mwenyewe.